Kulala Hell's Gate na Watoto: Panga Usiku Kabla ya Mchana

Swali limetoka kwa msomaji wa Nairobi, nami nalinukuu kwa kifupi: "Sisi ni wazazi wawili na watoto wawili, mmoja ana miaka 8 na mwingine 12. Hatujawahi kulala kwenye hema. Mwezi wa Agosti, shule zikifungwa, tunataka kwenda Hifadhi ya Hell's Gate huko Naivasha na kulala mara mbili. Gari letu ni dogo, la kawaida. Je, tulale ndani ya hifadhi au kwenye kambi za kando ya ziwa? Tubebe nini? Na wanyama hawatatusumbua usiku? Mama mkwe anasema nimerukwa na akili kuwapeleka wajukuu wake kulala porini."

Dada yangu, mpe mama mkwe salamu zangu na umwambie kwamba wasiwasi wake si wa bure, ila hauko mahali pake. Yeye anaogopa wanyama. Katika miaka niliyowapeleka watu kambini, familia nilizoziona zikikunja hema usiku wa manane na kurudi mjini hazikufukuzwa na fisi hata mara moja. Zilifukuzwa na baridi, upepo, giza lililowakuta hema halijasimama, na mtoto aliyelala njaa kwa sababu jiko halikuwaka. Wengi hupanga mchana kwa makini, wakajua baiskeli watakodi wapi na picha watapiga kwenye jabali gani, kisha usiku wakauachia Mungu. Hell's Gate ni hifadhi ndogo ya kilomita za mraba 68 hivi, iliyotangazwa rasmi mwaka 1984, na ni miongoni mwa hifadhi chache za Kenya ambamo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. Mchana wake hauhitaji kupangwa sana. Kwa hiyo nitakujibu kuanzia jua linapozama.

Kuhusu mahali pa kulala, fahamu kwanza kwamba unachagua kati ya mambo mawili yasiyofanana. Kambi za ndani ya hifadhi, ambazo majina yake utayaona kuwa Naiburta, Ol Dubai na Endachata, ni viwanja vilivyo wazi kabisa: hakuna uzio, hakuna umeme, hakuna duka, na huduma ya juu kabisa utakayoipata ni choo na bomba ambalo siku nyingine hutoa maji na siku nyingine hutoa hewa. Malipo yake ni mandhari. Naiburta imekaa kwenye mwinuko wa taratibu upande wa kaskazini wa bonde, na ukiamka alfajiri unaona majabali mekundu yakishika mwanga huku pundamilia wakichunga chini yako kama ng'ombe wa jirani. Kambi za watu binafsi kando ya Ziwa Naivasha, kwa upande wake, zina uzio wa umeme wa kuzuia viboko wanaopanda nchi kavu kula nyasi usiku, zina bafu za maji moto, mgahawa, na mlinzi wa kumwita mambo yakiharibika. Zina pia muziki wa majirani, hasa Jumamosi.

Ushauri wangu kwa familia isiyowahi kulala kwenye hema ni kulala usiku wa kwanza kando ya ziwa na wa pili ndani ya hifadhi. Usiku wa kwanza ni wa kujifunza mahali ambapo kosa halina gharama kubwa: mkigundua kwamba mablanketi hayatoshi au hema linavuja, mgahawa upo na mji wa Naivasha hauko mbali. Usiku wa pili mtakuwa mmeshapata mkono. Isitoshe, kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa siku, na ada ya kulala hulipwa kando kwa kila mtu, kwa hiyo kulala ndani mara moja badala ya mbili kunawapunguzia gharama bila kuwanyima chochote. Siku hizi malango ya hifadhi hayapokei fedha taslimu. Malipo hufanyika mtandaoni kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen, na viwango vya raia, wakazi na wageni vinatofautiana, kwa hiyo kitambulisho cha kila mtu mzima kiwe mkononi, pamoja na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Bei hubadilika, zisome kwenye ukurasa wa Shirika la Huduma za Wanyamapori Kenya siku ile ile unayolipa, wala usimtegemee shemeji aliyekwenda mwaka juzi. Kama ratiba ya kazi inakuruhusu, nendeni Jumapili mrudi Jumanne. Kambi ya umma huingia yeyote aliyelipa, na mwisho wa juma wa likizo unaweza kuwakuta wanafunzi sitini wamekwisha kuchukua kivuli chote.

Sasa saa ya kufika. Huku kwetu karibu na ikweta jioni haina subira: jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasorobo, na baada ya dakika ishirini huoni kigingi ulichokishika. Jiwekee sheria kwamba hema liwe limesimama na chakula kiko jikoni kabla ya saa kumi na moja jioni, na kutoka hapo urudi nyuma kuhesabu. Familia inayolipiga hema mara ya kwanza huchukua karibu saa nzima. Kupakua gari, kuchagua mahali na kuwatuliza watoto ni saa nyingine. Maana yake ni kwamba mnapaswa kuwa kambini saa tisa alasiri, na kwamba safari ya kutoka Nairobi, ambayo ni kilomita 90 hivi hadi Naivasha na kama 20 nyingine hadi Lango la Elsa, ambalo ndilo lango kuu la hifadhi, ianze asubuhi, si "tutatoka tukishakula". Barabara ya juu kupitia Limuru na ile ya chini kupitia Mai Mahiu zote zitakufikisha. Ya chini ina malori mengi na mteremko wa kutisha, lakini watoto wataliona kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita Waitaliano mwaka 1942, nalo ni mahali pazuri pa kunyoosha miguu.

Hema lenyewe msilifungue kwa mara ya kwanza mkiwa porini. Nasema hivi kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita nilikodi hema la watu sita kwa ajili ya kikundi, nikalipakia kama nilivyokabidhiwa, limefungwa vizuri na kamba mpya. Tulipolifungua jioni, chini ya wingu, tukakuta fito tatu badala ya nne na vigingi vitano vya hema linalohitaji kumi na vinne. Tuliifunga pembe ya nne kwenye kioo cha pembeni cha gari, na usiku kucha kila aliyejigeuza aliling'oa. Tangu hapo kila hema, la kukodi au la kununua, hulisimamisha uani kwangu wiki moja kabla ya safari, nikahesabu fito na vigingi, nikafungua na kufunga kila zipu, kisha nikalimwagia maji ya ndoo nzima juu ili nione mshono unaovuja. Kama mnaishi ghorofani, ombeni uwanja wa shule au wa kanisa kwa saa moja. Afadhali zaidi, walazeni watoto ndani ya hilo hema usiku mmoja sebuleni. Mtoto aliyekwisha kulizoea hema hatalia akilikuta porini. Na msidanganywe na maandishi: hema la "watu wanne" ni la watu wanne waliolala kama dagaa kwenye pakiti. Ninyi mnahitaji la watu sita.

Mkifika, msichague mahali kwa mandhari tu. Tafuteni ardhi iliyo tambarare, isiyo njia ya maji hata kama imekauka kabisa, isiyo chini ya tawi lililokufa, na isiyo na mavi mengi ya wanyama, kwa sababu mavi mapya yanakuonyesha njia yao. Udongo wa huko ni majivu ya volkeno yaliyochanganyika na changarawe nyepesi, matokeo ya milipuko ya zamani ya Longonot na Olkaria. Kigingi kifupi huingia kwa urahisi na hutoka kwa urahisi vilevile. Leteni vigingi virefu, mvipige vikiwa vimeinama kinyume na hema, na juu ya kila kimoja mweke jiwe kubwa. Alasiri upepo hupiga kwa nguvu katika bonde lile, hivyo mgongo wa hema, si mlango, ndio uelekee upepo. Ukikanyaga kichaka chenye majani ya kijivujivu na kusikia harufu kama ya kafuri, hicho ni leleshwa; watoto wasugue jani moja viganjani, lakini msikate matawi wala kuokota kuni. Ndani ya hifadhi kuni haziokotwi. Nunueni mjini kabla ya kuingia, na moto uwashwe pale tu palipotengwa kwa moto.

Baridi ndiyo itakayoamua kama watoto wenu watataka kurudi tena. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai na Agosti huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Wazazi wengi hurundika mablanketi juu ya mtoto na kumlaza juu ya mkeka mtupu, kisha wanashangaa kwa nini anatetemeka. Ardhi hunyonya joto la mwili kuliko hewa. Kinachowekwa chini ya mtoto kina umuhimu kuliko kinachowekwa juu yake. Godoro jembamba la sponji kwa kila mmoja, blanketi moja limekunjwa chini, ndipo mfuko wa kulalia au blanketi zito juu. Watoto wabadilishe nguo zote kabla ya kulala, hata soksi, kwa sababu nguo za mchana zina jasho, na jasho ni maji. Kofia ya sufu haina mbadala. Madirisha madogo ya juu ya hema yaachwe wazi kidogo hata kama mkono wako unataka kuyafunga, la sivyo pumzi za watu wanne zitageuka umande kwenye dari na kuwadondokea alfajiri.

Na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko popote. Jiko la makaa lisiingie ndani ya hema, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu, hata kwa dakika kumi "za kupasha". Makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala huivuta bila kukohoa wala kuamka. Jiko la gesi nalo ni vivyo hivyo: pikeni nje. Kila msimu wa baridi nchini tunasikia habari za familia iliyokutwa asubuhi haina uhai na jiko liko katikati ya chumba, na hema ni dogo kuliko chumba. Mtoto akisikia baridi, mpeni chupa ya maji moto iliyofunikwa kwa soksi aikumbatie.

Maji yahesabiwe kwa lita. Mimi hukadiria lita tano kwa kila mtu kwa siku kwa kunywa, kupika na kunawa mikono. Ninyi wanne kwa siku mbili na nusu mnahitaji lita 50, yaani jerikeni mbili za lita 20 na chupa kubwa ya lita 10 ya kunywa njiani. Yapakieni yote kutoka nyumbani, bomba likiwa na maji hiyo ni bahati ya kuoshea sufuria. Maji mengi ya chini ya ardhi katika Bonde la Ufa yana madini ya floraidi kwa wingi, ndiyo yanayowapaka baadhi ya wenyeji rangi ya kahawia kwenye meno, na kuyachemsha hakuyapunguzi hata kidogo. Siku mbili hazitawadhuru, lakini hakuna sababu ya kuwanywesha watoto maji hayo wakati jerikeni ziko nyumbani.

Chakula kiwe chepesi kwa akili, si kwa tumbo. Jioni ya kwanza msipike kitu kipya: githeri iliyochemshwa nyumbani na inayohitaji kukaangwa tu, chapati zilizofungwa kwenye kitambaa, mayai ya kuchemsha. Asubuhi uji. Mnachopaswa kukipanga zaidi ni namna ya kukihifadhi, kwa sababu adui wenu wa kweli katika hifadhi ile ni nyani, naye hufanya kazi mchana. Nimemwona dume mmoja ameketi juu ya jiwe, mita thelathini kutoka kwetu, akitazama kwingine kabisa kama mzee anayesubiri gari, hadi mama mmoja alipogeuka kuchukua kijiko. Alipogeuka tena mkate ulikuwa juu ya jiwe. Chakula chote, takataka zote, hata dawa ya meno na sabuni yenye harufu ya matunda, vikae ndani ya buti la gari lililofungwa vioo. Ndani ya hema kusilale hata biskuti moja mfukoni mwa koti la mtoto. Usiku wapekuweni, watoto huficha.

Sasa jibu la mama mkwe. Nyati, chui na fisi wapo, simba ni nadra kuonekana, na hilo ndilo linalowezesha watu kutembea kwa miguu humo. Usiku mtasikia fisi kwa mbali, na huenda pundamilia wakapita karibu wakikata nyasi kwa sauti inayotisha zaidi kuliko inavyostahili. Mnyama hana haja na hema lililofungwa lisilonukia chakula. Hatari inatokea pale mtu anapotoka gizani na kumkuta nyati hatua tano mbele yake, kwa hiyo haja ndogo ya usiku ipangiwe utaratibu. Watoto waende chooni kabla ya kulala; akiamka mmoja, aamshe mzazi; mzazi afungue zipu kidogo, amulike tochi kushoto na kulia polepole akitafuta macho yanayong'aa, asubiri, ndipo watoke wakiwa pamoja. Mkiona macho, rudini ndani. Kwa mtoto wa miaka 8 ndoo yenye kifuniko ndani ya ukumbi wa hema si aibu hata kidogo. Viatu vilale ndani, na asubuhi vikung'utwe, kwa sababu nge hupenda mahali penye joto.

Mchana, kama nilivyosema, utajipanga. Kodini baiskeli karibu na Lango la Elsa na mjaribu breki zake hapo hapo kabla ya kulipa. Mbele kidogo mtaikuta Fischer's Tower, jabali la mita 25 hivi lililopewa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika huko mwaka 1883. Wamaasai wao husimulia kwamba ni bibi harusi aliyegeuka jiwe kwa kuangalia nyuma alipokuwa akiondoka kwao, na watoto wenu watalipenda simulizi hili kuliko la Mjerumani. Mabomba ya mvuke mtakayoyaona upande wa Olkaria ni ya umeme wa jotoardhi unaozalishwa huko tangu 1981.

Sehemu moja tu ya mchana ndiyo inayohitaji uamuzi wa mapema, nayo ni korongo la Ol Njorowa. Kuta zake ni nyembamba, maji hayana pa kwenda ila pale ulipo, na mafuriko yake huja na mvua iliyonyesha mbali, juu ya milima usiyoiona, huku kwako jua likiwaka. Mwezi wa Aprili 2012 vijana saba wa kanisa walifariki humo, na tarehe 1 Septemba 2019 watu saba wengine, akiwemo mwongoza wageni. Tazama hiyo tarehe ya pili: si masika. Kwa hiyo msijipe moyo kwamba Agosti ni kiangazi. Waulizeni askari wa hifadhi asubuhi hiyo kama korongo limefunguliwa na kama kumenyesha kwingine, muingie na mwongozaji tu, mapema, kabla ya mawingu ya alasiri, na akisema mgeuke, mgeuke bila mjadala. Wingu jeusi likionekana upande wowote, mimi na mtoto wa miaka 8 tusingeingia hata kama anga juu yetu ni la buluu. Juu ya ukingo kuna mandhari ya kutosha.

Siku ya kuondoka moto umwagiwe maji, ukorogwe kwa kijiti, umwagiwe tena hadi kiganja kiweze kugusa majivu bila kuungua. Takataka zirudi nanyi Nairobi. Hema karibu kwa hakika litakuwa na umande mnapolikunja, kwa hiyo jioni hiyo hiyo, hata kama mmechoka, litandazeni kwenye viti vya sebule. Likilala limekunjwa na maji kwa siku tatu litaota ukungu, na harufu ile haitoki.